Simu ilale sebuleni

Mdogo wangu wa Uyole, umesema unashika simu kabla hujanawa uso, na mwanao wa miaka mitano anakuita mara tatu ndipo umwangalie. Hilo la mtoto limenigusa sana.

Anza na usiku. Baridi hii ya Juni hapa Mbeya inatuingiza kitandani mapema, na ukishika simu chini ya blanketi, saa sita inakukuta macho makavu. Mimi nilinunua saa ya kengele pale Mwanjelwa, simu nikaiacha sebuleni kwenye chaja. Siku tatu za kwanza nilihangaika kweli, mkono unapapasa chini ya mto wa kulalia hauoni kitu. Ya nne nililala fofofo.

Kisha zima arifa, bakiza simu zinazopigwa na ujumbe wa pesa. Magrupu ya harusi na vikoba yanyamazishe. Mwenye shida ya kweli atapiga. TikTok ifute kabisa, usijidanganye kwamba utapunguza: ukisukuma kidole tu video nyingine imekuja, na hakuna ya mwisho.

Jioni mkae na mwanao mchambue maharage, akusimulie ya chekechea mpaka amalize.