Maswali yenu: tahasusi za sayansi, na hiyo Fizikia mnayoikimbia

Maswali ya safari hii yanatoka Kusini, Mtwara na Lindi, na karibu yote ni ndugu wa tumbo moja: mtoto achukue masomo gani ya sayansi, na tahasusi gani (masomo matatu ya Kidato cha Tano na Sita), ili chuo kimpokee. Aliyeniuliza kama lazima kujaza Selform (fomu ya kuchagua tahasusi na vyuo) nimemruka. Amuulize mwalimu wa taaluma, ndiyo kazi yake.

*Shikamoo mwalimu. Binti yangu ameingia Kidato cha Tatu hapa Tandahimba. Anataka kuacha Fizikia na Kemia abaki na Biolojia, maana ndoto yake ni uuguzi, si uhandisi. Nimkubalie? (Mama, Tandahimba)*

Marahaba mama. Usimkubalie.

Biolojia kila mtoto anaisoma mpaka Kidato cha Nne, hata yule wa historia na fasihi. Kubaki nayo peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwanafunzi wa sayansi. Na huo uuguzi anaoutaka, hata wa ngazi ya diploma, unadai cheti cha Kidato cha Nne chenye ufaulu wa Kemia, Biolojia na Fizikia. D inatosha kuomba, lakini lazima iwepo. Aliyeacha somo hana hata F ya kuonyesha. Kila mwaka nakutana na wasichana wenye B ya Biolojia wanaolia mlangoni mwa vyuo vya afya, na ukiwauliza, uamuzi waliufanya Kidato cha Tatu, wakiwa na miaka kumi na sita, kwa kufuata marafiki.

Sitawalaumu watoto peke yao. Zipo shule ambazo mwalimu wa Fizikia ni mmoja, na mkuu wa shule anaona afadhali nusu ya darasa liache somo ili wastani wa shule upendeze kwenye matokeo. Wastani unapendeza, mtoto anabaki nyumbani. Mzazi akiitwa kikao aulize jambo hili kwa sauti.

D inaanzia alama 30. Binti anayejua kukokotoa kilo za korosho, bei ya mnada na makato ya chama cha msingi hashindwi na 30 ya Fizikia. Anachohitaji ni muda. Mtihani wa Kidato cha Nne unaangukia Novemba, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, kwa hiyo mwakani, ikifika Septemba, mwondoleeni zamu za kuokota. Hilo hukuniuliza, lakini nimelisema.

*PCM na PCB ipi nzuri? (Wengi, kila mwezi)*

PCM ni Fizikia, Kemia na Hisabati; PCB ni Fizikia, Kemia na Biolojia. Nzuri kwa kazi gani? Bila kusema kazi, swali halina jibu, na mwezi ujao silichapishi tena.

*Mwalimu, mimi ni mjomba wa kijana wa hapa Newala, na kwetu mjomba ndiye anayeulizwa. Mpwa wangu kapata C ya Kemia, C ya Biolojia, C ya Jiografia na D ya Fizikia. Kapangiwa CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia). Yeye na mama yake wanasema ataingia udaktari kupitia hiyo CBG. Ni kweli?*

Si kweli, mjomba, na heri wewe umeuliza. Shahada ya udaktari wa binadamu inataka principal pass tatu (ufaulu wa A mpaka E Kidato cha Sita): Fizikia, Kemia na Biolojia. CBG haina Fizikia. Anaweza kupata A tatu za CBG na bado akakataliwa, wala hatakuwa ameonewa.

Njia zake ni hizi. Akisoma CBG, asome akijua anaelekea wapi: kilimo, misitu, mazingira, ualimu wa sayansi. Hizo si kazi za waliofeli. Pale Naliendele watafiti wa korosho hawakuhitaji kuwa madaktari wa binadamu ili kazi yao ifike mpaka shambani kwako. Ila asiidharau BAM, hisabati ya msingi ya Kidato cha Tano na Sita, kwa kuwa ni somo dogo. Kozi kadhaa huangalia kama una angalau S (daraja la chini ya E) ya BAM, au ufaulu wa Hisabati wa Kidato cha Nne, na hapo ndipo wengi hukwama.

Kama moyo uko kwenye tiba na hautoki, hiyo D ya Fizikia ni mali. Inamruhusu kuomba diploma ya utabibu, na vyuo vya matabibu viko Mtwara na Lindi, hana haja ya kupanda basi la Dar. Akimaliza kwa GPA ya 3.0 au zaidi, na cheti cha Kidato cha Nne kikikidhi masharti, anaweza kuomba shahada ya udaktari. Ni safari ndefu, lakini mwishoni mwa diploma tayari ana kazi mkononi. Mimi ningemshauri hivyo. Ada ya Kidato cha Tano na Sita shule za serikali ilifutwa 2022, ya diploma haikufutwa, kwa hiyo kaeni na mama yake mpige hesabu mapema.

*Nina E ya Fizikia, E ya Kemia na S ya Biolojia. Si nina principal tatu? (Nachingwea)*

Mbili. S si principal, na E mbili ni pointi 2 wakati shahada inataka angalau 4.

*Niko Lindi Mjini, Kidato cha Nne. Mradi wa gesi wa Likong'o ukianza nataka niwe nimeshasoma. Nichague nini? (Lindi)*

PCM. Uhandisi karibu wote unasimama juu ya Fizikia na Hisabati ya juu.

Sasa onyo. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay 1982, na bomba la kutoka Mtwara kwenda Dar likakamilika 2015. Huo wa Likong'o umekaa kwenye mazungumzo miaka mingi, na wapo vijana wa Kusini waliosomea mafuta na gesi tu na sasa wanauza vocha. Shahada ya kwanza chukua pana: mitambo, umeme au kemikali. Gesi ikija utaingia, isipokuja utaajiriwa kwingine. Na kama Hisabati yako ni ya kusukuma, nenda VETA ukajifunze kuchomelea vizuri. Bomba haliungwi na shahada.

*Shule moja Masasi inatangaza tahasusi yenye Kompyuta. Je, inafaa?*

Tangu orodha ya tahasusi ipanuliwe 2024 hadi kufika 65, kila shule inataka jina jipya. Nenda ukaone maabara. Hesabu kompyuta zinazowaka, uliza mwalimu wa somo ni nani na umeme ukikatika wanafanyaje. Ukijibiwa "vifaa viko njiani", chagua PCM ya kawaida. Vyuo vingi vinavyofundisha kompyuta vinaipokea bila neno.

*Kuna kaka hapa Mtwara Mjini anasema kwa laki tatu atanipatia nafasi ya famasi. Ana watu wake chuoni.*

Usimpe hata mia. Maombi ya shahada yanatumwa moja kwa moja chuoni, na mwombaji ni wewe. Ukienda steshenari kujaziwa fomu, kaa pembeni ya anayejaza, soma kozi moja moja kabla hajabonyeza, na nywila iandike kwenye daftari lako, si kwenye simu yake.