Kumpa pole Mjerumani na kumuomba radhi: jibu kwa mdogo wangu anayeanza ausbildung (mafunzo ya kazi ya Kijerumani)

Mdogo wangu, umesema mwenzako kazini alijigonga mguu kwenye kitanda cha mgonjwa, ukamwambia "es tut mir leid" (samahani, au pole), akakushangaa akajibu "wieso, du kannst doch nichts dafür". Na sasa huyohuyo kafiwa na baba, jumatatu anarudi kazini, hujui umwambie nini. Mimi nafanya kazi huku Ujerumani kwenye nyumba ya wazee miaka kadhaa sasa, nakujibu kwa jinsi ninavyosikia watu wakiongea, sio ya kitabuni.

Kwanza huyo hakukasirika, alimaanisha tu kwamba wewe huhusiki. Sisi tunampa pole hata aliyetoka sokoni na kapu, ila huku ukisema tut mir leid kwa jambo lililotokea hapohapo mbele yenu, mtu anaanza kutafuta kosa lako liko wapi. Akijigonga sema "aua, alles okay?" au "hast du dir wehgetan?" (umeumia?), basi. Pole ya kazi haipo, mwisho wa shifti ni "schönen Feierabend" na kila mtu anashika njia yake. Akipiga chafya "Gesundheit". Akiumwa "gute Besserung" alafu unaishia hapo, usimchimbe anaumwa nini, kwani hata mwajiri hapewi jina la ugonjwa, anajua tu siku ngapi hatakuwepo. Mimi hili lilinichukua muda kulizoea maana kwetu usipouliza unaonekana hujali.

Tut mir leid kwa huruma inafaa pale mtu anapokuletea habari mbaya, na hapo weka "das" mbele: "oh, das tut mir leid". Kaferi mtihani, mama yake kalazwa, mbwa wake kafa (usicheke, mbwa huku ni mwanafamilia kamili). Ila angalia sana usiseme "du tust mir leid", hiyo maana yake nakuhurumia wewe, na ukikosea sauti kidogo tu inakuwa dharau, kama unamwambia maskini wewe. Na kuna wanaosema "ich bin leid" wakidhani ndo samahani, wakati "ich bin es leid" ni nimechoka nalo hili jambo, yaani umeenda kuomba radhi umeishia kulalamika.

Kuomba radhi kwenyewe sio kugumu. Kupenya kwenye basi, kumwita mhudumu, kumkanyaga mtu, yote "Entschuldigung", na watu wanaimeza mpaka unasikia "tschuldigung" tu. Vijana wanasema "sorry" kutwa nzima na hakuna anayejali. Ila mkazi wa nyumba ya wazee ni "entschuldigen Sie bitte", ni Sie (wewe ya heshima) hata kama yeye anakuita mtoto wangu, na "Verzeihung" bibi zangu wa pale wanaipenda mno. Wenzako mnaoitana du (wewe ya kawaida) ni "entschuldige". Hujasikia mtu alichosema, "wie bitte?", achana na "was?" kavukavu.

Kosa la kazi sasa. Tuseme umesahau kujaza Trinkprotokoll, ile karatasi ya mzee kanywa maji kiasi gani. Unaenda kwa anayeongoza shifti unasema "es tut mir leid, ich habe das Trinkprotokoll nicht ausgefüllt, ich trage es sofort nach" (samahani, sikuijaza, naijaza sasa hivi). Kosa, alafu unarekebishaje, mara moja tu na kwa kumwangalia usoni. Sisi kwa heshima tunarudia samahani dada nisamehe sana sijui nini, tunainamisha na kichwa, yeye ukifika ya tatu anaona unampotezea muda na bado karatasi haijajazwa. Akijibu "schon gut" au "alles gut" au kule Bavaria "passt schon", hata kama sauti ni kavu kama ugali wa jana, jua imeisha, hatakuwekea kinyongo. Kuchelewa ni simu KABLA ya muda, "ich verspäte mich, ich bin in zehn Minuten da" (nachelewa, nafika baada ya dakika kumi). Kufika alafu ndo unaeleza habari za treni hakusaidii kitu.

Kama una mtihani wa Kijerumani wa B1 (ngazi ya kati) wa Goethe kariri hii: "ich möchte mich bei Ihnen für die Verspätung entschuldigen" (naomba radhi kwako kwa kuchelewa), bei na dativ, für na akkusativ. Sehemu ya tatu ya kuandika ni barua pepe ya maneno kama 40 na mara nyingi ni kumwambia Frau (Bi) fulani huwezi kuja, sasa hapo tumia "leider" (kwa bahati mbaya), "leider kann ich nicht kommen", na sababu moja inatosha.

Haya, msiba. Likizo ya kufiwa huku ni fupi, sehemu nyingi siku mbili kwa mzazi, ndo maana unaona karudi haraka. Kazini kwetu alipofiwa mama mmoja wa zamu ya asubuhi, kadi ilikuwa imeshanunuliwa, ikakaa jikoni kwa wafanyakazi na bahasha ya mchango pembeni, kila anayeingia kunywa kahawa anasaini. Siku aliyorudi tulisimama, mmoja mmoja akampa mkono, "mein Beileid" (pole ya msiba), yeye "danke", hazikuisha dakika mbili tukaendelea na Übergabe, yaani kukabidhiana zamu na habari za wagonjwa. Hakuna aliyeuliza marehemu kaumwa nini. Saa nne kwenye mapumziko akaanza kusimulia mwenyewe, na hapo ndo watu walikaa wakamsikiliza kweli.

Kwa hiyo jumatatu mpe mkono, "mein Beileid" (bailait), au "herzliches Beileid", nyamaza, muache. Zile za kazi ya Mungu haina makosa usizitafsiri kama hujui imani yake, wengi huku hawana dini kabisa. Usiende nyumbani kwake bila kuitwa, na ile kahawa na keki baada ya maziko ni ya walioalikwa. Ukiona kwenye tangazo la kifo wameandika "von Beileidsbekundungen am Grab bitten wir abzusehen" ujue hawataki foleni ya kushikana mikono kaburini.

Kadi yako andika kwa mkono, WhatsApp hapana: "Liebe Sabine" (weka jina lake), "die Nachricht vom Tod deines Vaters hat mich sehr getroffen. Ich wünsche dir und deiner Familie viel Kraft." Yaani habari za kifo cha baba yako zimenigusa sana, nakutakia nguvu wewe na familia yako. Jina lako chini, imetosha. Ukitaka kuongeza sentensi yako itupie hapa kwanza niangalie artikeli (der, die, das) kabla hujaandika kwa kalamu ya wino.