Ngome ya Gjirokastër: ukifika kwenye ndege usigeuze

SWALI: Habari za kazi. Mimi msomaji wenu niko Bremen, kwetu Tanga. Mwezi wa saba tunaenda Corfu, kile kisiwa cha Ugiriki, na mume wangu na mama mkwe, nimesikia ukivuka na boti tu uko Albania na kuna ngome ya Waturuki juu ya kilima hapo Gjirokastër. Inafaa kweli au ni picha za Instagram tu? Na mama magoti yanamsumbua.

JIBU: Inafaa dada, tena sana. Ila msiende na kurudi siku hiyohiyo mtachoka bure, boti inawashusha Saranda halafu kuna basi au teksi mpaka Gjirokastër, laleni hapo usiku mmoja. Na kabla hamjakata tiketi angalieni viza, Albania haiko Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kama mama ana ile ya kuingia mara moja basi akishatoka Ugiriki harudi.

Ngome ilikuwepo kabla Waturuki hawajafika karne ya 15, ila hii mtakayoiona leo mkono wa Ali Pasha, gavana wa Waturuki, umo kila mahali. Huyu bwana alikuwa mtu wa sultani kwa jina tu, mambo yake anajifanyia mwenyewe, mwaka 1812 akaanza kuipanua na akavuta maji kwa mfereji toka milimani, 1822 majeshi ya sultani huyohuyo yakammaliza. Mfereji ulibomolewa 1932, kipande kimebaki pale mtaa wa Dunavat, wenyewe wanakiita daraja la Ali Pasha.

Mkiingia tu mnakutana na ukumbi mrefu wa matao ya mawe, gizagiza, kaubaridi hata kiangazi, na kandokando imepangwa mizinga waliyonyang'anywa Wataliano na Wajerumani vita kuu ya pili, kuna na kifaru cha Kitaliano kidogo mpaka unajiuliza askari walikuwa wanaingiaje. Mkitoka juani ndio ile ndege ya jeshi la Marekani imechakaa, ilitua Albania Desemba 1957, wakomunisti wakasema ni ya ujasusi, Wamarekani wakasema rubani kapotea njia. Hapo ndipo wageni wengi wanapiga selfi wanageuza, na ndipo wanapokosa uhondo. Endeleeni mpaka kule mwisho kwenye mnara wa saa, halafu chungulieni mji chini: mapaa yote ni mawe bapa ya kijivu yamelaliana safu juu ya safu, UNESCO waliuingiza mji kwenye orodha yao 2005 na ukiyaona hushangai. Jela ya enzi za Zog, mfalme wa Albania kabla ya vita hiyo, ipo humohumo ndani, Wataliano, Wajerumani na wakomunisti wote waliitumia. Makumbusho yana tiketi yake pembeni, bebeni lek, hela ya huko, taslimu.

Mama msimpandishe kwa miguu jamani, vichochoro vya bazari ni mteremko wa mawe yaliyosuguliwa na nyayo mpaka yanateleza. Teksi itamfikisha karibu na lango. Raba, kofia, maji, na muende asubuhi maana juu hakuna kivuli.

SWALI: Hao Waturuki ndio walewale waliofika Mombasa? (Msomaji, Kisauni)

JIBU: Dola ileile kaka. Mir Ali Bey, nahodha wa Kituruki, alikuja pwani yetu 1585, akarudi tena miaka michache baadaye, Wareno wakamkamata Mombasa 1589. Baada ya hapo ndio wakaanza kujenga Fort Jesus, 1593. Kwa hiyo ngome yenu hapo si ya Waturuki, ila wao wamechangia ijengwe.

SWALI: Chakula cha huko je? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Ulizia qifqi, ni ya Gjirokastër hasa. Wali, mayai na mnanaa, wanaukaanga kwenye chuma chenye vishimo kama chetu cha vitumbua, nyama haimo. Kula ikiwa bado ya moto, ikipoa inakuwa nzito.