Maana ya jina Arslan

Ndugu, umeuliza kama Arslan ni jina la Kiarabu. Hapana, ni la Kituruki cha kale, na maana yake ni simba. Huko Uturuki leo wengi husema Aslan, bila "r". Waislamu wengi wanalo, Pakistani pia, ndiyo maana watu hudhani ni la Kiarabu.

Aliyelivumisha zaidi ni Alp Arslan, sultani wa Waseljuki (ukoo wa watawala wa Kituruki) aliyemshinda na kumteka Kaisari Romanos wa Bizanti, yaani Dola la Roma ya Mashariki, huko Manzikert, mashariki mwa Uturuki ya leo, mwaka 1071. Alp ni shujaa, kwa hiyo aliitwa simba shujaa. Jina lake la Kiislamu lilikuwa Muhammad. Mpe mwanao bila wasiwasi, ni jina zuri mno!