Maswali yenu kuhusu mmea wa hewani wenye kitako kilichovimba

Safari hii wengi mmeuliza kuhusu mmea mmoja: Tillandsia bulbosa, ule wenye kitako cha majani kilichovimba chini na majani membamba yanayojipinda kila upande. Nimechagua maswali machache.

Hauna udongo, basi unakula nini? Je, unaunyonya mti unaokaa juu yake?

Haunyonyi mti hata kidogo, kwa hiyo usiuite kimelea. Mizizi yake kazi yake ni kushika gome tu. Maji na virutubisho huingia kupitia majani, ambayo yamefunikwa na magamba madogo mno yanayofyonza mvua, umande na vumbi linaloyeyuka ndani yake. Mmea huu ni wa jamii moja na mnanasi. Kwao ni misitu ya joto kuanzia kusini mwa Meksiko hadi Brazili, pamoja na visiwa vya Karibi, na huota hata kwenye mikoko.

Shikamoo mtaalamu. Niumwagilie mara ngapi? Wengine wanasema niuloweke usiku kucha.

Marahaba. Usiuloweke usiku kucha, tafadhali. Ushauri huo umeua mimea mingi ya aina hii. Ipo mimea ya hewani inayostahimili kulowekwa muda mrefu, lakini huu una uwazi kati ya vitako vya majani, na maji yakishaingia humo hayatoki kwa urahisi.

Kuna sababu nyingine pia. Mimea hii hufungua stomata zake, yaani vitundu vidogo mno vya kupitishia hewa kwenye majani, usiku ili kuvuta kaboni dioksidi, na mchana huzifunga isipoteze maji. Majani yakilala yamelowa, utando wa maji huzuia hewa kuingia. Kwa hiyo mwagilia asubuhi: uchovye majani au uunyunyizie mpaka ulowe vizuri, kisha ugeuze kichwa chini na kuukung'uta kwa upole hadi maji ya ndani yatoke. Uache hapo hapo ukiwa umeinama, penye hewa inayopita. Ndani ya saa 4 hivi uwe umekauka. Mara 2 au 3 kwa wiki zinatosha mahali pengi, zaidi kidogo hewa ikiwa kavu.

Maji ya mvua ndiyo bora. Maji yenye chumvi au chokaa nyingi huacha ukoko juu ya majani, na ukoko huo huziba yale magamba.

Chini pamekuwa peusi na laini, na majani ya katikati yanachomoka nikiyagusa. Nifanye nini?

Nasikitika, huo umeoza, na majani ya katikati yakishachomoka hakuna dawa. Angalia kama pembeni kuna chipukizi gumu, la kijani. Likiwepo, litenge mara moja na kulikausha vizuri. Mmea wenye kiu una dalili tofauti: majani hujikunja zaidi na kusinyaa, na ukipata maji unarudi katika hali yake. Ndiyo maana mwenye shaka namwambia asubiri siku moja kabla ya kumwagilia.

Nimesikia sisimizi huishi ndani yake. Ni kweli?

Ni kweli, na kwangu hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika mmea huu. Porini, uwazi ule wa chini ni vyumba vya sisimizi. Wao hupata makazi, na mmea hufyonza virutubisho kutoka kwenye mabaki na kinyesi wanachoacha humo. Mara nyingi utaukuta porini ukining'inia kwa pembeni au kichwa chini, hivyo mvua haijazi vyumba. Ukiuning'iniza nyumbani kwa namna hiyo hiyo umeusaidia sana. Sisimizi si lazima; mbolea ya maji iliyozimuliwa hadi robo ya kipimo cha kawaida, mara moja kwa mwezi, inatosha.

Naweza kuufunga kwa waya wa shaba kwenye kibao?

Shaba ni sumu kwa mimea hii. Epuka pia mbao zilizotiwa dawa, kwa sababu baadhi ya dawa hizo zina shaba. Tumia uzi wa mshipi wa kuvulia au gundi isiyoyeyuka majini, na usizungushie kitako kitu chochote kinachoshika unyevu. Mahali pawe na mwanga mwingi usio wa jua kali la mchana. Chupa ya kioo iliyofungwa haifai.

Umegeuka mwekundu na kutoa maua ya zambarau, sasa unanyauka. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Kila mmea huchanua mara moja tu, kisha, kama mgomba uliokwisha kuzaa, huwaachia nafasi watoto. Usiukatie tamaa mapema, maana mama huendelea kuwalisha machipukizi yake kwa miezi mingi. Ukitaka kuyatenganisha, subiri yafikie angalau theluthi moja ya kimo chake. Mimi nayaacha pamoja: yakikua huwa kichaka kizuri kinachochanua kwa zamu. Ila kichaka kikishasongamana hukauka polepole, kwa hiyo kikung'ute zaidi na ukipe hewa zaidi kila unapokimwagilia.