Unaingia Mlimani? Anza na maktaba

Kila masomo yanapokaribia kufunguliwa, wadogo zangu wanaoingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hunipigia simu. Wanauliza hosteli, wanauliza bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, litatoka lini. Maktaba hakuna anayeiuliza, nami ndiyo huanza nayo.

Jengo mtaliona wenyewe. Ni lile lililojengwa kwa msaada wa China, likafunguliwa Novemba 2018. Wanaingia wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja, na nafasi yake ni ya vitabu 800,000. Ajabu ni kwamba wengi huingia humo na laptopu, wakasoma desa (nukuu za darasani) lile lile walilokuja nalo, wakatoka. Kwa kazi hiyo hata vimbweta, yale mabenchi ya zege ya nje, vinatosha. Kinachonifanya niipigie debe maktaba ni vitu vilivyomo ambavyo ukivitafuta kwenye simu mpaka alfajiri hutavipata.

Chukua East Africana, hazina maalumu ya maktaba hiyo. Humo mna tasnifu za waliotutangulia, ripoti za serikali, magazeti ya zamani. Mna karatasi za Hans Cory, aliyeiandikia serikali ya kikoloni ya Tanganyika habari za mila na sheria za makabila. Mna pia miswada ya tenzi kwa hati za Kiarabu, ambayo mtafiti wa Kiswahili J.W.T. Allen aliikusanya pwani. Orodha yake ilichapishwa mwaka 1970. Ukitaka kuandika juu ya nchi hii bila kupita hapo, utabaki kunukuu watu walionukuu watu.

Mimi nilikwenda kutafuta mashairi ya Mambo Leo, gazeti lililoanza kutoka mwaka 1923. Nikamwamkia mkutubi, nikamtajia gazeti. Akaniuliza, "Mwanangu, unamtafuta mshairi fulani, au kuna jambo unataka kulijua?" Nikamweleza swali langu lote: nataka kujua washairi wale walijibizana juu ya nini. Hakuniletea gazeti. Aliniletea kwanza tasnifu ya zamani, ya taipureta, herufi zimedidimia hadi ukipapasa nyuma ya karatasi unazisikia kwa kidole. Kurasa zake za mwisho zilikuwa zimetaja matoleo, miezi na miaka. Mtu alikwisha kupekua kwa niaba yangu, na mimi nilikuwa nikijiandaa kuanza upya.

Kwa hiyo usimpelekee mkutubi jina la kitabu tu, mpelekee swali. Wale watu wanajua mengi kuliko katalogi, na wanafurahi wakiulizwa. Kisha anza na tasnifu iliyo karibu na mada yako, hata kama ni ya miaka 40 iliyopita, na uisome kuanzia marejeo.

Vitabu vya East Africana haviazimwi, vinasomewa humo humo. Nenda asubuhi, ukiwa na penseli na daftari, na kabla ya kupiga picha omba ruhusa. Andika ukurasa na tarehe pale pale, maana msimamizi wako atakuuliza.

Kwenye rafu za kawaida, ukishapata nambari ya kitabu usikichomoe ukaondoka. Fasihi na lugha ya Kiswahili vimekaa kwenye nambari za rafu PL 8701 hadi 8704, historia ya Tanzania imeanzia DT 436. Soma migongo ya majirani wa kitabu chako, kulia na kushoto. Vitabu vilivyonifaa zaidi nilivipata hivyo, sikuwahi hata kuvisikia.

Na kabla hujalipia makala ya jarida la nje kwa fedha ya chakula, uliza maktaba. Vyuo vyetu vina umoja wa maktaba, COTUL, unaoshughulikia upatikanaji wa majarida ya mtandaoni kwa pamoja. Nimeona wanafunzi wa uzamili wakihangaika kuomba makala kwa marafiki walioko Ulaya, ilhali chuo chao kilishaigharamia. Uliza nywila inapatikanaje, na kama unaweza kusomea nyumbani.

Wewe ambaye si mwanafunzi, labda mwalimu wa sekondari au mwandishi wa habari, usiogope. Beba kitambulisho na barua ya utambulisho kutoka kazini, fika kaunta, uliza utaratibu na ada ya wasomaji wa nje. Likizo ndefu ndiyo wakati mzuri kwako: meza ziko wazi, na mkutubi ana nafasi ya kukusikiliza.