Maswali na majibu: Je, watazamaji wa kibandani wanagawanyika makundi matatu?

SWALI: Mwalimu, salaam. Mimi ni mwanafunzi wa stashahada ya uandishi wa habari hapa Kampala. Natafiti jinsi filamu za mapigano zinazotafsiriwa na maVJ, wale wanaozisimulia kwa Luganda, zinavyobadili tabia za vijana wanaojaa vibanda vya video mtaa wa Bwaise. Nilitumia nadharia ya sindano, isemayo kwamba vyombo vya habari humdunga mtu ujumbe moja kwa moja, msimamizi akanirudishia karatasi, kaandika pembeni, "Hii imekufa zamani." Sasa jamaa wa duka la fotokopi karibu na chuo ananiuzia sura ya pili iliyokamilika, yenye nadharia ya Stuart Hall, mwanazuoni wa Uingereza, pamoja na dodoso linalogawa watazamaji makundi matatu: wanaokubali ujumbe, wanaokubali nusunusu na wanaopinga. Nikiitumia, msimamizi ataridhika?

JIBU: Usinunue. Naijua sura hiyo kabla sijaiona. Ina Hall na mwaka 1973, ina mchoro wa mishale, ina makundi matatu, na kule mwisho ina jedwali la asilimia. Kila muhula huniangukia mezani, jina tu ndilo limebadilika. Ipo niliyoipokea ikiwa bado na wilaya ya mwanafunzi aliyetangulia.

Kuhusu sindano, msimamizi wako ana haki na sitakaa sana hapo. Mtafiti Lazarsfeld na wenzake walifuatilia wapiga kura wa Erie County, Ohio, katika uchaguzi wa Marekani wa 1940. Waliogeuzwa na redio na magazeti walikuwa wachache, na wengi walisikiliza zaidi watu wa karibu nao. Kitabu chao kilitoka 1944. Kijana wa Bwaise aliyetazama bunduki kwa saa mbili anatoka pale akitafuta rolex, chapati ya mayai, na chai, na wewe ulitaka kuandika kwamba amedungwa.

Linalonikera ni hayo makundi matatu. Hall hakuwa anahesabu watu. Alikuwa anaeleza nafasi ambazo mtu anaweza kusimama anaposimbua, yaani anaposoma, ujumbe uliosimbwa, yaani uliotengenezwa, na wengine: anaweza kuupokea kama ulivyokusudiwa, anaweza kuukubali kwa jumla huku akiupunguza kwa yale anayoyajua maishani mwake, au anaweza kuuelewa vizuri kabisa na kuusoma kinyume. Ni nafasi za usomaji, na mtu huhama. Mchukue dereva wa boda aliyekaa benchi la mbele. Shujaa Mmarekani anapovunja mlango, anashangilia pamoja na wote. Shujaa anapowapiga risasi walinzi kumi wasio na jina, anaguna, maana kaka yake ni askari wa kampuni ya ulinzi. Kisha inakuja "Afrika" ya filamu, kibanda cha nyasi na twiga, naye anafyonya na kuuliza kwa sauti huko ni wapi. Dodoso lako litamweka sanduku gani? Atatia alama popote ili umwache atazame.

Na kama unadhani nakuonea, kuna mtafiti Mwingereza David Morley, aliyejaribu jambo hili kwa watu halisi. Alivionyesha vikundi 29 kipindi cha habari cha BBC kilichoitwa Nationwide, akachapisha matokeo 1980. Alitarajia tabaka la mtu litabashiri usomaji wake. Mameneja wa benki na vijana wanaojifunza ufundi, watu wa matabaka mbalimbali kabisa, wakaangukia upande mmoja na kipindi. Wanafunzi weusi wa chuo kimoja hawakukubali wala hawakupinga. Walikiona hakiwahusu, wakakaa kimya. Kimya hicho hakina sanduku kwenye karatasi ya jamaa yako wa fotokopi, na mimi naona ndicho kitu cha thamani kuliko vyote katika utafiti ule.

Sasa tuje kwenye mada yako, maana umekalia mali bila kujua. Hall aliandika akiwaza televisheni ya Uingereza: kuna wanaotengeneza kipindi, kuna wanaokitazama nyumbani. Kibandani kuna mtu wa tatu. VJ ana maikrofoni, anapunguza sauti ya filamu na kusema juu yake kwa Luganda. Siku hizi wengi hurekodi sauti mapema na filamu inatembea kwenye flashi, lakini kazi ni ileile. Hatafsiri tu. Anampa adui jina la mtu mnayemjua mtaani, anausogeza mji wa New York mpaka Kisenyi hapa Kampala, anawahi kuonya kwamba yule rafiki ni msaliti, anamcheka shujaa anapochelewa kufyatua. Kwa hiyo kijana wa Bwaise hapokei ujumbe wa Hollywood. Anapokea usomaji wa mtu mwingine, uliosimbwa mara ya pili. Wakati mwingine VJ ndiye mpinzani na ukumbi mzima unamfuata. Wakati mwingine ukumbi unampinga VJ, wanamzomea kwamba mzaha umezidi. Unataka kujua maana inatengenezwa wapi? Iko kwenye mabishano hayo, na hakuna sura ya dukani itakayokupa.

Ila usije ukakimbilia upande wa pili, kwamba basi kila mtu ana maana yake na yote ni sawa. Wanafunzi wanaipenda hiyo kwa sababu haihitaji kazi. Hall aliikataa waziwazi: ujumbe una maana inayopewa kipaumbele, umejengwa ili ikubalike kirahisi. VJ anaweza kumwita mhuni malaika, lakini kamera imemweka gizani, muziki unamtisha mtazamaji, na filamu inamuua mwisho. Uhuru upo, na una kuta.

Mfano ninaowapa darasani ni wa Lira, mji wa kaskazini mwa Uganda. Machi 2012 shirika la Marekani liitwalo Invisible Children lilitoa video ya nusu saa, Kony 2012, ya kutaka Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA, akamatwe. Ndani ya siku sita ilitazamwa zaidi ya mara milioni 100. Siku chache baadaye ikaonyeshwa hadharani Lira, mbele ya maelfu ya watu ambao vita vya LRA viliwapitia mlangoni. Wakakasirika, wengine wakarusha mawe, na maonyesho mengine yaliyokuwa yamepangwa yakasimamishwa. Walipinga nini? Si kukamatwa kwa Kony. Walikerwa na fulana na mabango ya kumtangaza mtu aliyewaulia ndugu zao, na hadithi iliyomweka katikati msimuliaji Mmarekani na mwanawe mdogo, huku waliokatwa viungo wakipita tu. Lengo wamelikubali, usimulizi wameukataa, jioni moja, watu walewale. Na suala la uwakilishi haliishii kwenye "picha ni ya kweli au ya uongo." Picha nyingi mle zilikuwa za kweli. Uliza nani kapewa kusema, na nani kawekwa pale ili aonewe huruma.

Basi chagua filamu moja na kibanda kimoja. Chukua kipande cha dakika chache, ukionyeshe kikundi kimoja pamoja na VJ na kingine bila VJ, kisha wazungumze wenyewe kwa lugha wanayobishania, si kwa Kiingereza cha dodoso. Uliza mbaya alikuwa nani. Uliza walicheka nini pale. Bwaise kuna watu wa kutoka kaskazini na wa kutoka Kongo wasioshika Luganda vizuri. Angalia wao wanacheka saa ngapi. Omba ruhusa ya mwenye kibanda kabla hujarekodi, na ukikuta watoto wa shule mle ndani usiwahoji bila wazazi.

Nina hofu kubwa kuliko karatasi yako. Hao wauza sura wanapohitimu, baadhi hugeuka washauri. Utawakuta kwenye semina za hotelini wakiwaambia viongozi wa dini na wenyeviti wa LC, yaani mabaraza ya mitaa, kwamba filamu zinaharibu vijana kwa kiasi fulani, wana na chati. Chati hiyo ndiyo inayobebwa siku vibanda vinapofungwa, na hakuna anayeuliza ilitoka wapi. Ukishika ripoti ya aina hiyo, ruka utangulizi, nenda moja kwa moja kwenye kiambatisho cha maswali. Mara nyingi utakuta swali kama "Je, filamu za kibandani zinachochea ujambazi? Ndiyo au Hapana", na walioulizwa ni wazazi na walimu ambao hawajawahi kulipa kiingilio. Aliyekaa benchini hajaulizwa kitu. Huo si utafiti wa hadhira. Ni kura ya maoni kuhusu watoto wa watu wengine.

Kuhusu msimamizi wako: mpelekee ukurasa mmoja tu kwanza, wenye kipande cha filamu ulichochagua, jina la VJ, na maswali utakayouliza. Kichwa cha utafiti kiondolee "zinavyobadili tabia," maana hapo tayari umeshajibu kabla ya kwenda Bwaise.